Kwa nini seva ya nyumbani hufunguka kwa namba na kukataa kwa jina

Mtu anaweka seva nyumbani, pengine kompyuta ya zamani aliyoifuta vumbi na kuipa kazi ya kutunza picha na filamu za familia. Siku ya kwanza kila kitu kinakwenda vizuri: akiandika 192.168.1.10 katika kivinjari, ukurasa wa seva unafunguka. Siku ya pili anachoka kukariri namba, anaipa kompyuta ile jina la “hazina”, analiandika mahali palepale alipokuwa akiandika namba, na kivinjari kinamletea orodha ya kurasa kuhusu wizara za fedha. Akijaribu kwa kompyuta nyingine, jina linakubali. Kwa simu linakataa. Anazima ruta na kuiwasha, jina linakubali kwenye simu kwa nusu saa, kisha linakataa kote.

Akiuliza, atapewa ushauri wa kila namna: weka 8.8.8.8, andika anwani kwa mkono katika kila kifaa, ongeza “.local” mwishoni, nunua ruta nyingine. Ushauri mwingi wa aina hiyo hautibu, na baadhi yake huzidisha ugonjwa, kwa sababu unatolewa bila kwanza kuuliza ni nani hasa ndani ya nyumba anayepaswa kujua kwamba “hazina” ni 192.168.1.10, na yeye amelijuaje hilo. Makala haya yanafuata swali hilo tangu mwanzo, kwa kuwa ukishalijua jibu lake, sehemu kubwa ya mazingaombwe ya mtandao wa nyumbani inageuka kuwa mambo ya kawaida.

Namba, jina, na wahudumu wawili

Kila kifaa kilichounganishwa na mtandao hutambulika kwa anwani ya IP, yaani namba kama 192.168.1.10. Anwani zinazoanza na 192.168, pamoja na zile zinazoanza na 10 na kundi moja linaloanzia 172.16, zilitengwa rasmi kwa mitandao ya ndani mwaka 1996, na ndiyo maana nyumba yako na nyumba ya mtu aliye upande wa pili wa dunia zinaweza kutumia namba zilezile bila kugongana. Jina ni lebo tu ambayo binadamu huiweka juu ya namba. Vifaa havipigiani kwa majina. Kabla ya kutuma chochote, kifaa lazima kwanza kipate namba iliyo nyuma ya jina.

Kazi ya kugawa namba ni ya DHCP, na kazi ya kujibu swali “jina hili ni namba gani?” ni ya DNS. Hizi ni itifaki mbili, yaani taratibu mbili za mazungumzo, zilizobuniwa kwa nyakati tofauti na kwa haja tofauti. DNS ilitangulia. Kabla yake, kompyuta zote za mtandao uliozaa intaneti ziliorodheshwa katika faili moja lililotunzwa na taasisi ya SRI huko California, na kila aliyetaka kuwajua wenzake alinakili faili hilo upya. Orodha ilipozidi kurefuka, Paul Mockapetris alibuni mwaka 1983 utaratibu wa kuyagawa majina katika ngazi, kila ngazi ikisimamiwa na mwenyewe. DHCP ilikuja miaka kumi baadaye, mwaka 1993, ili watu waache kuandika namba kwa mkono katika kila kompyuta. Hakuna mahali popote ambapo ilielezwa kwamba anayegawa namba ni lazima amwambie anayejibu kuhusu majina, na pengo hilo ndilo linalomsumbua mwenye seva wetu.

Fikiria nyumba kubwa ya wageni yenye wahudumu wawili. Wa kwanza yuko mlangoni na anagawa vyumba: mgeni anaingia, anataja jina lake akipenda, anapewa chumba namba 10 kwa muda maalumu, na habari hiyo inaandikwa katika daftari la mlangoni. Wa pili yuko mapokezi, na kazi yake ni kujibu wanaouliza, “Fulani yuko chumba gani?” Iwapo daftari la mlangoni halifiki mapokezi, mhudumu wa pili atajibu kwa uaminifu kabisa kwamba hamjui mtu wa jina hilo, hali mgeni amelala ghorofani. Na iwapo anayeuliza hakwenda mapokezi ya nyumba hii bali amepiga simu kwa mapokezi ya nyumba nyingine iliyo mbali na yenye sifa kubwa, huko nako atajibiwa kwamba hakuna mtu kama huyo.

Kwa hiyo jina la ndani hufanya kazi pale tu mambo matatu yanapotimia kwa pamoja. Mgawa namba awe analijua jina la kifaa. Mjibu majina awe analisoma daftari la mgawa namba. Na kila kifaa kinachouliza kiwe kinamuuliza mjibu huyo na si mwingine. Jambo la kwanza na la pili hupatikana kwa mistari michache ya mipangilio. La tatu ndilo linaloua nyumba nyingi, na ajabu ni kwamba ndilo linalozungumzwa kidogo kuliko yote.

Jina linaingiaje katika daftari

Kifaa kinapoingia katika mtandao hakina namba, kwa hiyo hakiwezi kumwandikia mtu barua. Kinapaza sauti kwa wote waliopo kikiuliza kama kuna anayegawa namba. Mgawa namba anajibu kwa kupendekeza anwani, kifaa kinaiomba anwani hiyo rasmi, na mgawa namba anathibitisha. Ni maneno manne tu kati yao, na ndani yake hupita mambo mengi kuliko namba yenyewe. Katika ombi lake kifaa kinaweza kutaja jina lake, katika kipengele namba 12. Mgawa namba naye, katika jibu lake, hukiambia kifaa njia ya kutokea nje ni ipi (kipengele namba 3), mjibu majina ni nani (namba 6), na kikoa cha nyumba kinaitwaje (namba 15). Ukumbuke kipengele namba 6, kwa maana tutakirudia.

Neno “kinaweza” hapo juu si la mapambo. Kompyuta nyingi hutaja majina yao, baadhi ya simu hazitaji, na vifaa vidogo kama kamera na balbu hutaja majina ya ajabu ambayo kiwanda kiliyaandika. Vifaa viwili vikitaja jina moja, kimoja hukinyang'anya kingine. Ndiyo maana kwa kifaa chochote unachokusudia kukiita kwa jina, ni salama zaidi kumwandikia mgawa namba mapema: kifaa chenye alama fulani ya kiwandani, yaani anwani ya MAC, kipewe daima namba hii na kiitwe jina hili. Huku ni kuweka nafasi, na kuna tofauti kubwa kati ya kuweka nafasi na kuandika namba kwa mkono ndani ya kifaa. Aliyeandika namba kwa mkono amempita mgawa namba bila kumsalimu, kwa hiyo hakuna kinachoandikwa daftarini, na pia siku mjibu majina akibadilika, kifaa hicho hakitapata habari. Wale wanaosema kwamba ili majina yafanye kazi ni lazima kila kifaa kiandikiwe namba kwa mkono wanashauri kinyume cha kinachohitajika.

Simu zina tabia nyingine inayopaswa kujulikana. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hazionyeshi tena alama yao halisi ya kiwandani bali hubuni alama mpya kwa kila mtandao, ili mwenye simu asifuatiliwe akihama mtandao huu kwenda ule. Ni jambo jema kwa faragha, lakini ukiweka nafasi kwa alama iliyoandikwa kwenye sanduku la simu, nafasi hiyo itabaki wazi milele. Chukua alama inayoonekana katika daftari la mgawa namba, au zima tabia hiyo kwa mtandao wa nyumbani peke yake.

Kuwakalisha wahudumu wawili katika meza moja

Njia rahisi ya kulifikisha daftari la mlangoni hadi mapokezi ni kumwajiri mtu mmoja afanye kazi zote mbili. Programu ya dnsmasq, iliyoandikwa na Simon Kelley, ni mhudumu wa aina hiyo: inagawa namba na kujibu majina kwa wakati mmoja, na kila jina lililoingia katika daftari lake la DHCP hujibika papo hapo katika DNS. Programu hiyo imo ndani ya OpenWrt inayoendesha ruta nyingi, na ndiyo msingi wa Pi-hole, programu ya kuzuia matangazo kwa nyumba nzima, kwa hiyo huenda tayari unayo bila kujua. Ukiiweka mwenyewe katika seva, kiini cha mipangilio yake hakizidi mistari hii:

domain=home.arpa
local=/home.arpa/
expand-hosts
dhcp-range=192.168.1.100,192.168.1.199,12h
dhcp-option=option:router,192.168.1.1
dhcp-host=aa:bb:cc:dd:ee:ff,printa,192.168.1.20

Mstari wa kwanza unataja kikoa cha nyumba, yaani jina la ukoo linaloungwa mwishoni mwa kila jina. Wa pili unaagiza kwamba swali lolote kuhusu ukoo huo lijibiwe hapahapa, lisipelekwe kamwe nje. Wa tatu unayaunga majina yaliyoandikwa katika faili la hosts (orodha fupi ya majina na namba iliyo ndani ya kompyuta yenyewe) na jina la ukoo. Wa nne unataja namba zinazogawiwa kwa wageni wa kawaida na muda wa kuzikodi, saa 12. Wa tano unataja ruta kuwa ndiyo njia ya kutokea nje, kwa sababu usipoutaja, dnsmasq itajitaja yenyewe kuwa njia, na majina yatapatikana lakini intaneti itapotea. Wa sita ni nafasi iliyowekwa kwa ajili ya printa. Kuhusu mjibu majina hatukuandika chochote, kwani hapo dnsmasq hujitaja yenyewe, na kwa mara moja ndivyo tunavyotaka.

Kuna njia ya pili, ya wale wanaopenda kuwaweka wahudumu hao mbalimbali, kwa mfano Kea kwa kugawa namba na BIND kwa kujibu majina, huku wa kwanza akimtumia wa pili ujumbe uliotiwa sahihi kila mgeni anapoingia au kutoka. Ni utaratibu mzuri kwa ofisi yenye mamia ya kompyuta. Kwa nyumba yenye vifaa ishirini mimi nauona ni kuajiri makarani wawili ili waandikiane barua kuhusu rafu moja ya vitabu.

Kabla ya kuwasha mgawa namba wa seva, mzime yule wa ruta. Mafahali wawili hawakai zizi moja, na hapa methali hiyo ina ukweli wa kiufundi: kifaa kilichopaza sauti huchukua ahadi ya mmoja wao, mara nyingi ya aliyewahi, kwa hiyo nusu ya nyumba itaandikwa katika daftari moja na nusu nyingine katika daftari la pili, na nusu hizo zitabadilishana watu kila siku. Yule mwenye seva aliyeona jina likikubali kwa nusu saa kisha likikataa huenda alikuwa katika hali hii. Baadhi ya ruta zinazotolewa na watoa huduma wa intaneti hazina kitufe cha kuzima DHCP. Hapo hakuna hila, ila kuweka ruta yako mwenyewe nyuma ya ile, na mtandao wa nyumba uwe nyuma ya hiyo yako.

Seva yenyewe ina mtego wake. Haiwezi kujikodisha namba kutoka kwake yenyewe, kwa hiyo hiki ndicho kifaa kimoja kinachostahili kuandikiwa namba kwa mkono, na jina lake linaandikwa katika faili lake la /etc/hosts ambalo dnsmasq hulisoma. Sasa tazama: mfumo wa Debian, unapowekwa, huandika katika faili hilo mstari unaosema kwamba jina la kompyuta ni 127.0.1.1, namba ambayo maana yake ni “mimi mwenyewe”. Mstari huo hauna madhara kwa seva, lakini dnsmasq itautangaza nyumba nzima, na kila simu itakayouliza “hazina” itaambiwa ijiulize yenyewe. Badilisha 127.0.1.1 iwe 192.168.1.10 na tatizo linakwisha. Wengi hupoteza jioni nzima wakikagua ngao za mtandao kabla ya kulifungua faili hilo lenye mistari michache.

Jina la ukoo lisilo na mwenyewe

Watu hujichagulia kikoa cha nyumba kwa kufuata hisia, na hisia hapa ni mshauri mbaya. Chaguo linalovutia zaidi ni “.local”, na ndilo la kuepuka katika DNS ya nyumbani, kwa sababu limetengwa kwa utaratibu mwingine uitwao mDNS, uliowekwa rasmi mwaka 2013. Katika mDNS hakuna mhudumu wa mapokezi: anayetafuta “printa.local” anapaza sauti kwa wote, na mwenye jina hujibu mwenyewe. Ni utaratibu wa manufaa, na ndio unaofanya printa mpya ionekane bila wewe kugusa kitu, ila sauti yake haivuki ruta kwenda upande wa pili wa mtandao. Ukiyaandika majina ya “.local” katika DNS yako, vifaa vingi, hasa vya Apple, havitakuja kukuuliza, vitapaza sauti, vitasubiri, na kukata tamaa. Mwenye vifaa ataapa kwamba seva ni mbovu.

Kubuni ukoo wako kuna hatari ya aina nyingine, kwamba siku moja unaweza kupata mwenyewe halali. Watayarishaji wengi wa programu walikuwa wakitumia “.dev” ndani ya kompyuta zao, hadi Google, ambayo ndiyo mmiliki wa kikoa hicho, ilipoagiza kivinjari cha Chrome mwishoni mwa mwaka 2017 kisifungue kurasa zake bila njia iliyofichwa kwa siri, na kazi za watu zikasimama asubuhi moja. Ruta za kampuni ya AVM ya Ujerumani zilikuwa zikiitwa fritz.box majumbani kwa miaka mingi, na kikoa cha “.box” kilipofunguliwa kwa umma mwaka 2024, mtu mwingine aliliandikisha jina hilo katika intaneti ya wote. Kifaa kilichoiuliza ruta yake hakikudhurika. Kilichouliza nje kilipelekwa kwa mgeni.

Chaguo salama ni mawili. La kwanza ni home.arpa, lililotengwa rasmi kwa mitandao ya nyumbani mwaka 2018. Halipendezi machoni, lakini halitauzwa kwa mtu. La pili ni “.internal”, ambalo ICANN, shirika linalosimamia majina ya intaneti, iliamua mwaka 2024 kuliacha kwa matumizi ya ndani ya mitandao binafsi. Mwenye kumiliki kikoa chake halisi anaweza pia kutenga tawi lake kwa nyumba, na faida yake ni kwamba ataweza kupata vyeti vya usalama vinavyotambuliwa na vivinjari bila kuhangaika.

Na kwa nini “hazina” peke yake ilileta wizara za fedha? Kwa sababu kivinjari kikiona neno moja lisilo na nukta hudhani ni swali la utafutaji. Andika “hazina.home.arpa”, au “hazina/” ukiweka mkwaju mwishoni, nacho kitaelewa kwamba hilo ni jina la mahali. Kompyuta yenyewe, ikipewa neno moja, huliongezea jina la ukoo iliyopewa katika kipengele namba 15 kabla ya kuuliza, lakini si vifaa vyote vinavyofanya hivyo kwa namna moja. Jina kamili halina utata.

Wanaouliza kwingine

Sasa tumefika kwenye sharti la tatu. Tuseme daftari limejaa vizuri, mjibu majina analisoma, ukoo ni halali. Bado jina linakataa kwenye kifaa kimoja na kukubali kwenye kingine. Karibu kila mara kifaa kinachokataa kinamuuliza mtu mwingine, na mtu huyo, awe hodari kiasi gani, hana namna ya kujua kilicho ndani ya nyumba yako. Anwani 8.8.8.8 ni ya mjibu wa Google na 1.1.1.1 ni ya Cloudflare, wote wawili wanayajua majina ya dunia, na “hazina.home.arpa” si jina la dunia. Kuandika namba hizo katika kifaa ili “kutengeneza DNS” ni kukiondoa kifaa hicho mapokezi ya nyumba yake. Mahali pa kuziandika ni ndani ya dnsmasq, ambayo huzitumia kwa maswali isiyoyajua, kisha huyahifadhi majibu kwa muda ili asiulizwe mtu wa nje mara mbili.

Kosa la kawaida kuliko yote ni la mjibu wa pili. Skrini za mipangilio zina nafasi mbili za DNS, na mtu mwenye busara hujaza ya kwanza kwa seva yake na ya pili kwa 8.8.8.8, akidhani ya pili ni akiba ya kutumika pale ya kwanza itakapozimika. Sivyo inavyokwenda. Vifaa vingine huuliza zote mbili kwa pamoja na kuchukua jibu lililowahi. Vingine huhamia ya pili baada ya kuchelewa kidogo tu na kubaki huko kwa muda mrefu. Tena jibu “jina hili halipo” ni jibu kamili, na kifaa kilichopewa jibu hilo hakiendi kuuliza kwa mwingine. Kwa hiyo majina yatakuwa yanakuja na kuondoka bila sababu inayoonekana, na hakuna hitilafu inayochosha kuitafuta kama ile inayojiponya kabla hujafika. Ukitaka mjibu wa pili, awe ni seva nyingine ya nyumbani yenye majina yaleyale. La sivyo, nafasi ile iachwe wazi.

Kuna njia nyingine za kumpita mhudumu wa mapokezi ambazo hazionekani katika skrini hizo. Simu za Android tangu toleo la 9 zina mpangilio wa DNS ya faragha. Mwenye simu akitaja humo mjibu maalumu, simu itamuuliza huyo tu popote ilipo. Vivinjari navyo vinaweza kuuliza majina ndani ya njia iliyofichwa kwa siri, kwa utaratibu uliowekwa rasmi mwaka 2018, vikimwendea mjibu wa nje moja kwa moja bila kuushirikisha mfumo wa kompyuta. VPN nyingi, yaani huduma zinazopitisha mawasiliano ya kifaa katika njia ya siri hadi mahali pengine, hufanya vivyo hivyo. Hakuna ubaya katika nia ya mambo hayo. Ni kwamba faragha hii inamficha anayeuliza hata machoni pa seva yake mwenyewe, na lazima uamue ni kifaa gani kinaihitaji na kipi hakiihitaji.

Mlango wa mwisho uliosahaulika ni IPv6, mfumo mpya zaidi wa anwani za IP unaofanya kazi sambamba na ule wa namba kama 192.168.1.10. Umezima DHCP ya ruta na kuona kazi imekwisha, kumbe ruta ingali inajitangaza kwa IPv6 kwa ujumbe wake tofauti, na ndani ya ujumbe huo inajitaja yenyewe kuwa mjibu majina. Vifaa hupewa anwani mbili za wajibu majina, moja kutoka kwa seva na nyingine kutoka kwa ruta, na tumerudi kwenye kosa la mjibu wa pili bila mtu yeyote kuandika kitu. Zima tangazo hilo la DNS katika ruta, au liandikie anwani ya seva.

Kusoma jibu kabla ya kubadilisha mipangilio

Jina likikataa, jizuie kugusa kitu chochote hadi umeuliza swali moja waziwazi. Katika kifaa kinachosumbua, tumia amri ya nslookup, ukilitaja jina kamili na kisha anwani ya seva: “nslookup hazina.home.arpa 192.168.1.10”. Hapo unakwenda mapokezi kwa miguu yako, huhitaji kujua kifaa humuuliza nani. Usipojibiwa kabisa, mjibu majina hafanyi kazi au poti namba 53 (mlango wa kompyuta ambao DNS hupokelea maswali) imefungwa. Katika seva za Ubuntu, mara nyingi ni kwa sababu huduma ya mfumo iitwayo systemd-resolved imeikalia poti hiyo kabla ya dnsmasq kufika. Ukijibiwa kwamba jina halipo, ambalo huandikwa NXDOMAIN, mhudumu yupo lakini daftari halina jina hilo, na unajua pa kurudi. Ukipewa namba isiyo sahihi, kuna daftari la zamani au mstari kama ule wa 127.0.1.1.

Ukipewa namba sahihi, rudia amri ileile bila kutaja anwani ya seva. Sasa ni kifaa kinachochagua wa kumuuliza, na juu ya jibu kitaonyesha kilimuuliza nani. Hapa ndipo 8.8.8.8, au anwani ndefu ya IPv6 ya ruta, hujitokeza hadharani. Namba ikiwa sahihi katika amri zote mbili na kivinjari bado kinakataa, basi ni kivinjari kinachojiendea kwingine, au kinakumbuka jibu la zamani. Majibu ya kukataa huhifadhiwa kama yale ya kukubali, kwa hiyo ukimaliza kutengeneza, kifaa kinaweza kuendelea kusema jina halipo kwa dakika kadhaa. Katika Windows amri ya “ipconfig /flushdns” hukisahaulisha, na katika simu kuzima waifai na kuiwasha kwa kawaida kunatosha.

Na jina likikubali, lisibebeshwe mzigo usio wake. DNS hujibu namba tu, haijui kwamba picha ziko poti namba hii na filamu poti namba ile, kwa hiyo “hazina.home.arpa” haitaondoa zile tarakimu zinazofuata baada ya nukta mbili. Pia kuipa seva jina hakuifungulii mlango wa nje, kama wengine wanavyoogopa. Anwani ya 192.168.1.10 haifikiki kutoka intaneti, iwe ina jina au haina. Mlango wa nje hufunguliwa katika ruta, kwa mkono wa mtu.

Limebaki suala la siku seva itakapozimika, na hapa wahudumu wetu wawili huachana tena. Namba zilizogawiwa hazifi siku hiyo. Kifaa huomba kuongezewa muda nusu ya ukodi inapopita, kikikosa jibu hujaribu tena, na huendelea na namba yake hadi muda wote uishe. Kwa ukodi wa saa 12, vifaa vingi vitaendelea na namba zao kwa saa kadhaa bila kuhisi chochote. Majina hufa papo hapo. Nyumba nzima itasema intaneti imekatika, ingawa laini ni nzima na namba zote zipo, kwa kuwa hakuna wa kutafsiri jina hata moja. Kwa sababu hiyo, ambaye seva yake huzimwa mara kwa mara kwa majaribio afadhali aiache ruta igawe namba na kujibu majina yenyewe, mradi ruta hiyo inaweza kuandikiwa nafasi na majina. Aliyeamua kuiachia seva kazi zote mbili aandike 192.168.1.10 na 192.168.1.1 kwenye karatasi na kuibandika ubavuni mwa seva, kwa maana siku ambayo majina yatakuwa hayafanyi kazi, namba hizo ndizo zitakazomwingiza ndani kuyatengeneza.